Wastani na Mediani: Ginsi ya Kujibu Maulizo ya Mtihani

Katika mitihani ya hesabu kuna maulizo mafupi yanayoangusha wanafunzi wengi. Mwalimu anaandika namba tano ao sita katika mstari mmoja, kisha anauliza: Wastani ni ngapi? Mediani ni ngapi? Mwanafunzi anaona neno ni jepesi, anajibu upesi, anakosa. Hakukosa kwa kutojua kujumlisha. Amekosa kwa sababu hakufahamu vema maana ya maneno yale mawili.

Tena jambo hili halibaki ndani ya chumba cha mtihani. Padri anayeandika hesabu ya mwaka ya parokia, mkatekista anayehesabu wakatekumeni wake, wazee wa baraza wanaogawa mchango wa kanisa kati ya vijiji, wote wanatumia wastani, hata wasipoutaja kwa jina. Na wastani uliotumiwa vibaya unaweza kumtwika maskini mzigo usio wake. Kwa hiyo tutaeleza kwanza maana ya maneno, kisha ginsi ya kujibu maulizo yanayorudi mara nyingi, na mwisho tutaona ni wakati gani inafaa kushika namba hii ao ile.

I. Maana ya maneno

Wastani, unaoitwa moyenne katika masomo ya Kifransa, ni kile ambacho kila mmoja angepata kama vyote vingekusanywa pamoja na kugawanywa sawasawa. Watoto watatu wamevua samaki: wa kwanza 2, wa pili 3, wa tatu 10. Wakitia samaki wote katika kikapo kimoja, wanapata 15; wakigawana sawa, kila mmoja anachukua 5. Wastani ni 5. Angalieni kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyevua samaki 5. Si lazima wastani uwe mmoja wa namba za orodha.

Mediani, inayoitwa médiane katika Kifransa, ni namba inayosimama katikati, wakati namba zote zimekwisha kupangwa toka ndogo mpaka kubwa. Kwa watoto wale watatu mediani ni 3: mmoja yuko chini, mmoja yuko juu. Yule wa tatu angevua samaki 100 pahali pa 10, mediani ingebaki 3 vilevile. Lakini wastani ungepanda mpaka 35.

Tofauti yote iko hapo. Wastani unasikia uzito wa kila namba. Mediani inatazama tu pahali pa kila namba katika mstari. Mwanafunzi aliyefahamu maneno haya mawili amekwisha kujibu nusu ya maulizo.

II. Ginsi ya kuzitafuta

Kwa kupata wastani, jumlisha namba zote, kisha gawanya kwa idadi yake. Kwa kupata mediani, panga kwanza namba zote, halafu tafuta ile ya katikati.

Tuchukue orodha hii: 14, 9, 17, 6, 12. Jumla ni 58. Namba ni tano. Wastani ni 11,6. Mediani je? Wengi wanajibu 17, kwa sababu wanaiona imeandikwa katikati. Ni uwongo. Sharti kupanga: 6, 9, 12, 14, 17. Mediani ni 12. Kama mtihani ni wa kuchagua jibu, muwe na hakika kwamba 17 imewekwa pale makusudi, inamngoja mwenye haraka.

Idadi ya namba ikigawanyika kwa mbili, hakuna namba moja ya katikati, ziko mbili. Hapo tunachukua wastani wa zile mbili. Tuongeze 20 katika orodha yetu: 6, 9, 12, 14, 17, 20. Za katikati ni 12 na 14. Mediani ni 13.

Orodha ikiwa ndefu, tunatafuta pahali pa mediani kwa kuongeza moja juu ya idadi na kugawanya kwa mbili. Namba zikiwa 25, pahali ni pa 13. Zikiwa 20, tunapata 10,5; maana yake, mediani iko kati ya namba ya 10 na namba ya 11. Lakini tusichanganye pahali na namba yenyewe. Kumi na tatu ni kiti. Sharti kutazama nani amekaa juu yake.

Kuna makosa mengine mawili ya kuepuka. La kwanza: kusahau sufuri. Mwanafunzi aliyepata 0, 6, 8 na 10 ana wastani wa 6, kwani 24 inagawanywa kwa 4. Akitupa sufuri na kugawanya kwa 3, atapata 8 na kujidanganya mwenyewe. La pili: kuandika mara moja tu namba inayorudi mara nyingi. Kila namba ihesabiwe mara zote inapoonekana.

Kosa hili la pili linaonekana hasa mwalimu akitoa hesabu katika safu. Tuseme mkatekista ana wakatekumeni 20: wanne wana miaka 12, tisa wana miaka 13, sita wana miaka 14, na mmoja ana miaka 15. Wastani wa miaka yao ni ngapi? Asiyefikiri anajumlisha 12, 13, 14 na 15, anagawanya kwa 4, anapata 13,5. Lakini watoto si wanne, ni ishirini. Tufanye hivi: 4 mara 12 ni 48, 9 mara 13 ni 117, 6 mara 14 ni 84, 1 mara 15 ni 15. Jumla ni 264. Tukigawanya kwa 20 tunapata 13,2. Na mediani? Tunatafuta mtoto wa 10 na wa 11. Wanne wa kwanza wana miaka 12. Toka wa 5 mpaka wa 13 wana miaka 13. Basi wa 10 na wa 11 wote wana miaka 13. Mediani ni 13.

III. Jumla ndiyo ufunguo

Maulizo mengi ya wastani yanaficha namba moja na kutuagiza kuitafuta. Dawa ni moja: turudi kwenye jumla. Wastani ukizidishwa kwa idadi unatoa jumla. Wastani hauongezwi wala kutolewa ovyo, lakini jumla inaongezwa na kutolewa bila hatari.

Mfano wa kwanza. Mseminari amefanya mitihani minne, amepata 56, 62, 48 na 70 kwa mia. Anataka wastani wa 60 katika mitihani mitano. Mtihani wa tano apate ngapi? Jumla inayotakiwa ni 5 mara 60, yaani 300. Jumla aliyo nayo ni 236. Inabaki 64.

Mfano wa pili. Wanafunzi 24 wamepata wastani wa 58. Mwenzao mmoja alikuwa mgonjwa, akafanya mtihani nyuma yao. Wastani wa wote 25 umekuwa 58,4. Yeye amepata ngapi? Jumla ya kwanza: 24 mara 58, ni 1392. Jumla ya mwisho: 25 mara 58,4, ni 1460. Tofauti ni 68. Wengine wanashangaa: wastani umepanda kwa 0,4 tu, namna gani mtu huyu amepata 68? Ni kwa sababu yale 10 aliyozidisha juu ya 58 yamegawanywa kwa watu 25, na 10 kugawanya kwa 25 ni 0,4. Hesabu zinapatana.

IV. Wastani wa makundi mawili

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Darasa moja lina wanafunzi 30, wastani wao 52. Darasa la pili lina wanafunzi 10, wastani wao 64. Wastani wa wote ni ngapi? Jibu la haraka ni 58, yaani katikati ya 52 na 64. Ni kosa, kwani linawapa wanafunzi 10 sauti sawa na wanafunzi 30. Turudi kwenye jumla: 30 mara 52 ni 1560, 10 mara 64 ni 640, pamoja ni 2200. Gawanya kwa 40: wastani ni 55. Kundi kubwa limevuta wastani upande wake, na ni haki yake.

Ulizo la mwendo ni ndugu ya hili. Padri anapanda baiskeli kwenda kijiji kilicho mbali kilometa 30. Anakwenda kilometa 15 kwa saa. Anarudi kilometa 10 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni ngapi? Si 12,5. Kwenda kulichukua saa 2, kurudi saa 3. Alikwenda kilometa 60 katika saa 5. Wastani ni kilometa 12 kwa saa. Mwendo wa pole ulichukua wakati mwingi zaidi, kwa hiyo ukapata uzito zaidi.

Na mediani ya makundi mawili je? Hapa tuseme wazi: mediani mbili hazitoshi kutoa mediani ya wote. Kundi la kwanza ni 1, 2, 9, mediani yake 2. Kundi la pili ni 3, 4, 5, mediani yake 4. Tukichanganya: 1, 2, 3, 4, 5, 9, mediani ni 3,5. Sasa tubadili kundi la kwanza liwe 2, 2, 2. Mediani yake bado ni 2. Tukichanganya: 2, 2, 2, 3, 4, 5, mediani ni 2,5. Mediani za makundi ni zilezile, lakini jibu limebadilika. Basi bila orodha zenyewe hatuwezi kujibu, na kama mwalimu ameandika «haiwezekani kujua» kati ya majibu ya kuchagua, tusiogope kulichukua.

V. Mizani na njia ya mkato

Wastani ni kama pahali pa kutegemeza mti wa mizani ili usiinamie upande wowote. Tukipima umbali wa kila namba toka wastani, namba za juu na namba za chini zinalingana kabisa. Katika mfano wa samaki, wastani ni 5: yule wa 10 amezidi kwa 5, yule wa 2 amepungukiwa 3, na yule wa 3 amepungukiwa 2. Tano juu, tano chini.

Jambo hili linatupa njia ya mkato. Mifuko mitano ina uzito huu kwa kilo: 498, 503, 501, 496, 507. Hakuna haja ya kujumlisha namba kubwa. Tuchague 500 kuwa mahali pa kuanzia, tuandike tofauti tu: punguza 2, ongeza 3, ongeza 1, punguza 4, ongeza 7. Pamoja ni 5 za kuongeza. Tano kugawanya kwa mifuko 5 ni 1. Wastani ni kilo 501. Anayefanya hivi anamaliza wakati mwenzake bado anatafuta karatasi.

Tena, mwalimu akiongeza pointi 5 kwa kila mwanafunzi, wastani na mediani zote mbili zinapanda kwa 5. Akizidisha pointi zote kwa 2, zote mbili zinazidishwa kwa 2. Lakini akimwongezea pointi yule tu aliye wa kwanza, wastani unapanda, mediani inabaki.

VI. Namba isiyojulikana katika mediani

Ulizo: namba 4, 9, 15 na x zina mediani ya 10. Tafuta x. Hatujui x inakaa pahali gani. Basi tujaribu kila pahali. Kama x ni 15 ao zaidi, za katikati ni 9 na 15, mediani ni 12, haifai. Kama x ni 9 ao chini, namba mbili za katikati hazipiti 9, mediani haiwezi kufika 10, haifai. Inabaki x kati ya 9 na 15: wastani wa 9 na x uwe 10, basi x ni 11. Tupange kwa kuhakikisha: 4, 9, 11, 15. Mediani ni 10. Vema.

Ulizo gumu zaidi: namba 2, 5, 6, 11 na x zina wastani ulio sawa na mediani. Jumla ni 24 na x. Wastani ni jumla hiyo kugawanya kwa 5. Tutazame pahali patatu. Kwanza, x ikiwa 5 ao chini, mediani ni 5. Jumla iwe 25. X ni 1. Inafaa. Pili, x ikiwa kati ya 5 na 6, mediani ni x yenyewe. 24 na x ni sawa na 5 mara x. Basi 4 mara x ni 24, na x ni 6. Inafaa. Tatu, x ikiwa 6 ao zaidi, mediani ni 6. Jumla iwe 30. X ni 6, ileile. Basi majibu ni mawili: 1 na 6. Aliyepata jibu moja na kuweka kalamu chini amepata nusu ya pointi. Hesabu nzuri haiishi mpaka tumetazama kila pahali.

Tena liko ulizo la kutafuta kubwa kupita zote. Namba tano nzima, zisizo sufuri wala chini ya sufuri, zina wastani wa 10 na mediani ya 12. Ile kubwa inaweza kufika wapi? Jumla ni 50. Ili ile moja iwe kubwa kabisa, zingine ziwe ndogo kabisa kadiri zinavyoruhusiwa. Mbili za kwanza ziwe 1 na 1. Ya tatu ni 12, hatuwezi kuigusa. Ya nne haiwezi kuwa chini ya 12; iwe 12. Pamoja ni 26, inabaki 24. Lakini mwalimu akisema namba zote ziwe mbalimbali, inakuwa 1, 2, 12, 13, pamoja ni 28, inabaki 22. Neno moja katika ulizo linabadili jibu. Tusome mara mbili kabla ya kuandika mara moja.

VII. Ipi tuishike?

Sasa tutoke katika mtihani. Tuseme parokia moja ina vijiji saba. Mwaka huu wametoa mchango kwa ajili ya mabati ya shule, kwa maelfu ya franka: 12, 8, 15, 9, 110, 10, 11. Jumla ni 175, wastani ni 25. Katika baraza mzee mmoja anasimama, anasema: «Kumbe kila kijiji kinaweza kutoa elfu 25. Mwaka ujao tuandike hivyo kwa wote.» Kugawanya kwake si kwa uwongo, 7 mara 25 ni 175. Lakini tupange orodha: 8, 9, 10, 11, 12, 15, 110. Mediani ni 11. Vijiji sita juu ya saba viko chini ya wastani. Kijiji kimoja tu, kile chenye soko na wachuuzi, kimeupandisha.

Tukifuata neno la mzee yule, kijiji kilichotoa elfu 8 kitatozwa zaidi ya mara tatu, na kijiji cha soko kitapunguziwa elfu 85. Wenye kidogo watamlipia mwenye kingi, na kila mtu atadhani ni haki, kwa sababu mzigo umegawanywa sawa. Tukumbuke yule mjane wa Injili na vipande vyake viwili vya feza: Bwana wetu hakutazama ukubwa wa kile alichotia tu, alitazama na kile kilichobaki mkononi mwake.

Je, mediani ni bora siku zote? Hapana. Kama mtunza feza anataka kujua franka zitakazoingia, ashike wastani, kwani wastani mara idadi ndiyo jumla. Akizidisha mediani, 11 mara 7, atapata 77 tu, na hesabu yake itakuwa ya uwongo kwa 98. Lakini kama tunataka kujua hali ya kijiji cha kawaida, tushike mediani. Ulizo ni moja tu: tunatafuta nini? Jumla, ao mtu wa katikati? Na wastani na mediani zikiachana mbali, ni alama kwamba kuna namba moja ao mbili zilizo peke yake. Tuzitafute kabla ya kuamua neno.

Mfano mwingine unawahusu wakatekista. Jamaa tano zinakaa kando ya njia moja, kwenye kilometa 0, 2, 3, 5 na 20. Tunataka kujenga kikanisa pahali ambapo miguu yote, ikijumlishwa, itatembea kidogo kabisa. Wastani ni kilometa 6. Tukijenga pale, umbali wao ni 6, 4, 3, 1 na 14; pamoja ni 28. Tukijenga kwenye mediani, kilometa 3, umbali ni 3, 1, 0, 2 na 17. Pamoja ni 23. Mediani imeshinda, na itashinda siku zote katika ulizo la namna hii. Sababu yake ni nyepesi: tukitoka katikati kwenda upande mmoja, watu wengi wanaongezewa mwendo kuliko wanaopunguziwa. Lakini tusisahau jamaa ile ya kilometa 20. Mediani haiulizi kama iko mbali kilometa 20 ao 50. Hesabu imetuonyesha pahali pa kujenga. Haikutupa ruhusa ya kuacha kuwatembelea wale. Mchungaji mwema mwenye kondoo mia alimfuata mmoja.

Mataifa mengine nayo yamepima jambo hili. Mwaka 1906, katika maonyesho ya wanyama huko Plymouth, Uingereza, watu walinunua tikiti na kukisia uzito wa ng'ombe mmoja, yaani uzito atakaokuwa nao akiisha kuchinjwa na kutayarishwa. Mtaalamu Francis Galton alichukua tikiti 787 zilizofaa, akazipanga. Mediani ilikuwa ratili 1207, karibu kilo 547. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1198. Tofauti ilikuwa ratili 9 tu, haikufika moja kwa mia. Aliandika habari hii katika gazeti la Nature mwaka 1907. Kisha wastani nao ulitolewa: 1197, tofauti ya ratili moja. Hapa zote mbili zilikaribia kweli. Lakini Galton alikuwa na sababu ya kuchagua mediani. Aliona kwamba kila mtu awe na sauti moja, na kwamba mtu anayetaja namba ya ajabu asipewe nguvu kuliko mwenye kukisia kwa akili. Katika wastani, anayepaza sauti sana anavuta wote. Katika mediani, yeye ni mmoja tu kama wengine. Wenye kuongoza mabaraza watafahamu.

VIII. Maulizo ya kujipima

1. Tafuta wastani na mediani ya 21, 8, 15, 8, 30, 14.

2. Wastani wa namba sita ni 20. Namba moja imetolewa. Wastani wa tano zilizobaki ni 18. Imetolewa namba gani?

3. Wavulana 18 wana wastani wa 55. Wasichana 12 wana wastani wa 60. Wastani wa wote ni ngapi?

4. Namba 3, 8, 10 na x zina mediani ya 7. Tafuta x.

5. Namba tano nzima, zilizo juu ya sufuri na mbalimbali zote, zina wastani wa 8 na mediani ya 9. Ile kubwa inaweza kufika ngapi?

Majibu: 1. Wastani 16, mediani 14,5. 2. 30. 3. 57. 4. 6. 5. 18.

Aliyepata yote matano, afundishe mwenzake. Aliyekosa, asirudie jibu. Arudie mapango ya namba na jumla yake, kwani kosa liko pale. Na siku atakapokaa katika baraza la parokia, mtu akisoma wastani mbele ya wazee, aombe kwanza kuona orodha yenyewe.